Makocha wa Kikapu wa Watoto
Nawavulia kofia makocha wanaofundisha watoto kikapu pale Kidongo Chekundu, Dar es Salaam. Kudunda na kupasi ni sehemu nyepesi. Mtoto akikosa mtupo huru huinamisha kichwa, na hapo ndipo kazi ilipo: “Rudi ulinzi, mwanangu! Hilo limepita.” Mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa mizito, kocha humrudisha kwenye mstari, mita 4.6 kutoka kwenye ubao. Dunda mara mbili, vuta pumzi, rusha. Akikosa, anaanza upya, bila kufokewa. Kesho hivyohivyo, jua la Dar likiwaka. Asiyeonekana siku mbili huuliziwa nyumbani kwao. Asiye na nauli husaidiwa. Sisi wazazi twaja siku ya mechi, tunapiga makofi.