Tadbiri ya Siku ya Kwanza Unguja

Kisiwa cha Unguja hakina uhaba wa mambo ya kutazamwa. Uhaba wake ni wa saa, na mgeni aliyekuja kwa siku chache aghalabu hutaka kuuponya uhaba huo kwa kurundika mahali pengi katika siku moja, na siku anayoirundikia kuliko zote ni ile ya kwanza, ilhali mwili wake ungali na uchovu wa safari na macho yake hayajalizoea jua la pwani. Mfano ninaouchambua hapa ni wa jamaa zangu wa Tabora, shangazi yangu pamoja na binti yake na wajukuu, ambao walishuka melini jioni wakiwa na ratiba waliyoandikiwa kabla ya kufika: asubuhi msitu wa Jozani, adhuhuri kuoga Paje, alasiri Nungwi, magharibi Forodhani.

Ratiba hiyo ilipendeza kusomwa, lakini ilipopimwa juu ya ramani na juu ya maji ilivunjika. Jozani ni kilomita 35 hivi kusini-mashariki ya Mji Mkongwe, Paje iko mbele zaidi katika pwani ya mashariki, na Nungwi ni ncha ya kaskazini, takriban kilomita 60 kutoka Mjini, hata mwenye kuzizunguka zote tatu na kurejea hana budi kukaa garini zaidi ya kilomita 150. Fauka ya hayo, mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi mpevu, sawasawa na mwezi mwandamo, huleta bamvua, ambapo tofauti baina ya maji makavu na maji makuu huweza kukaribia mita 4. Bamvua la Unguja lina saa zake zinazojulikana: maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa tele kwenye saa kumi au saa kumi na moja alasiri. Basi mwenye kufika Paje mchana wa siku kama hiyo huikuta bahari imejitenga mbali kuelekea mwambani, na mbele yake uwanda wa mchanga na vidimbwi ambamo akina mama wanashughulikia mwani wao; ni mandhari ya kuheshimiwa, maana pale ni shamba la watu, ila si mahali pa watoto waliokuja na azma ya kuogelea.

Shangazi, ambaye magoti yake hayamtii kama zamani, alisikiliza mashauri yetu yote kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikuja huku kukimbizwa." Tukaikunja ile ratiba, tukaanza upya, na safari hii tulianza hesabu kutoka mwisho wa siku kurudi asubuhi, kwa sababu mambo yasiyokubali kusogezwa ndiyo yanayostahili kuwekwa kwanza, na katika siku ya Unguja mambo hayo ni matatu: jua, maji na sala.

Jua huchwa Unguja, mwaka mzima, baada ya saa kumi na mbili na kabla ya saa moja, na Mji Mkongwe umeelekea magharibi, kwa hiyo machweo ni ya Mji, si ya Paje; hilo likaifunga jioni yetu Forodhani, ambako taa zikiwashwa hupatikana mishikaki, pweza na maji ya miwa. Kabla ya hapo tuliweka kisiwa cha Changuu, na hapa ndipo bamvua lililoharibu ratiba ya kwanza lilipogeuka kuwa msaada wa ile ya pili. Maji yalikuwa yanajaa alasiri yote, mashua ikaweza kusogea karibu sana na nchi kavu, na shangazi akapanda na kushuka pasipo kutembea majini kwa kitambo kirefu. Kisiwani aliwaona kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Aldabra, katika Shelisheli, mwaka 1919, na jengo la mwaka 1893 lililojengwa liwe jela, likaishia kuwa karantini ya wasafiri.

Adhuhuri tuliiacha tupu kwa makusudi: sala, chakula, usingizi. Wapo wanaoona saa hizo ni hasara. Mimi naziona ndizo nguzo ya siku, maana mtoto aliyelala mchana ndiye anayefika Forodhani akiwa na furaha. Laiti ingalikuwa Ijumaa, tungalizirefusha zaidi.

Asubuhi ikabaki kuwa ya Mji wenyewe. Tulitangulia sokoni Darajani, soko la mwaka 1904, kwa sababu samaki na vishindo vyake ni vya mapema. Kisha Mkunazini, mwendo mfupi kwa miguu, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mahali hapo pahitaji faragha na moyo uliotulia, wala si haki kupapitisha baina ya duka na duka. Tuliwapa watoto muda wa kuuliza, na maswali yao yalikuwa mazito kuliko tulivyotazamia. Kutoka hapo tukashuka kwa vichochoro, ambavyo wembamba wake huwapa wapitaji kivuli, hadi Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka mwezi wa Desemba 2020, kwa hiyo tulilihesabu kuwa la kutazamwa kwa nje.

Jozani ilihamishiwa siku ya pili. Paje ilingoja siku za maji mafu, ambapo maji hujaa kabla ya adhuhuri, na Nungwi, ambako kupwa hakumnyimi sana mwogeleaji bahari yake, ikawekwa mwisho kwa kuwa haidai saa maalumu. Kitu kimoja tu tadbiri yetu haikuweza kukipata siku ile, nacho ni fungu la Nakupenda, ambalo huonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa: anayetaka kulikanyaga siku ya bamvua sharti aondoke Forodhani asubuhi, na Darajani aiache hadi kesho yake.