Hazina ya Sura za Wahenga

Mtu wa Kitui au Makueni anayetaka kuona jinsi wazee wake walivyojipamba, na afike Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Makumbusho hayo hayakuanzishwa na serikali. Yalizaliwa 1910 kutokana na mikusanyo ya wanachama wa chama cha wapenzi wa viumbe na mazingira. Leo yanahifadhi picha za Joy Adamson, ambaye 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Wakamba ni miongoni mwao.

Alitumia rangi ya maji, ambayo mkono ukiteleza kosa halifutiki kwa urahisi. Hata hivyo alizifuata shanga, ngozi na madini kwa subira, wakati mavazi hayo yalikuwa yakitoweka. Kwa Ukambani, nchi ya mafundi waliosifika kwa mikufu myembamba ya chuma na shaba, huo ni ushahidi wa thamani kubwa.

Heko kwa watunzaji! Walimu wa Wote, Mwingi na Kibwezi, wapelekeni wanafunzi wakazione picha hizo.