Lisukume Kwanza: Jinsi Tulivyoitambua Giaboksi ya Trekta Kuukuu Kibwezi

Rangi mpya huficha mengi. Trekta tulilokwenda kuliangalia Kibwezi, mimi na jirani yangu mkulima wa ndengu na mbaazi, lilikuwa limepigwa nyekundu mpaka kwenye nati. Muuzaji alisema ni Massey Ferguson 135, gia sita. Kibati cha namba hakikuwepo. Jirani alitaka alime kabla ya mvua za Novemba, ambazo ndizo tegemeo la Ukambani, na baada ya hapo akokote trela la maji. Hilo trela ndilo lililonifanya nisiitazame injini kwanza.

Modeli ya 135 ilitoka mwaka 1964 katika kiwanda cha Coventry, Uingereza. Bodi ni moja lakini giaboksi si moja. Ya kawaida ina gia tatu za mbele na moja ya nyuma, na mkono wa pili wenye H na L unazifanya sita na mbili. Baadaye ikaja ya gia nane. Na kuna ile ya Multi-Power, ambayo kampuni ilianza kuitumia mwaka 1962: sita zinakuwa kumi na mbili, na dereva hubadilisha kasi kwa kijimkono kwenye dashibodi bila kukanyaga klachi.

Kuhesabu gia kulituthibitishia kwamba si ya nane. Lakini kwenye dashibodi palikuwa na tundu lililozibwa kwa kipande cha bati na kupakwa rangi juu yake. Kijimkono kikikatika, watu hukisahau. Mitambo iliyo ndani haisahau.

Tukavuta kizimio cha dizeli ili injini isije ikawaka, tukaweka H, gia ya tatu, tukaachia breki pale penye tambarare. Watu wanne tukasukuma mbele. Likaenda, zito lakini laini. Tukalisukuma kurudi nyuma, likagoma palepale. Basi, jibu lilikuwa limepatikana. Giaboksi ya kawaida ingegoma pande zote mbili, kwa kuwa magurudumu yangelazimika kuzungusha injini. Multi-Power ina kitu kinachofanya kazi kama friwili ya baiskeli: injini inayasukuma magurudumu, lakini magurudumu yakitaka kukimbia kuliko injini, yanaachiliwa. Kasi ya juu hushikwa na sahani za klachi zinazobanwa kwa mgandamizo wa oili, na injini ikizimwa mgandamizo haupo, hata kijimkono kiwe upande gani. Kwa hiyo kipimo hiki hufanya kazi hata dashibodi ikiwa tupu. Ndiyo sababu pia trekta la aina hii haliwashwi kwa kuvutwa.

Kutambua ni nusu ya kazi. Oili ya giaboksi ya 135 ndiyo hiyohiyo ya hidroliki, hivyo ukifungua nati ya chini unasoma habari za vyote viwili. Yetu haikuwa nyeupe kama chai ya maziwa, dalili ya maji yaliyoingia. Chembe za chuma zilikuwepo, laini kama unga. Vipande ndivyo vingenitisha. Tukawasha. Katika nyutro kulikuwa na mvumo uliokoma klachi ilipokanyagwa: hiyo ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Kama sauti ingeanza baada ya kukanyaga, ningeilaumu beringi ya klachi. Klachi ilikuwa ya hatua mbili: pedali nusu ilisimamisha magurudumu huku PTO, yaani shafti ya kuendeshea zana, ikizunguka, pedali nzima ikasimamisha vyote. Hapo palikuwa pazuri.

Kasi ya juu tuliipima mwisho, baada ya kulima karibu saa nzima, kijimkono kikiwa kimefungwa upya kwa muda. Siwezi kusisitiza vya kutosha: usiipime oili ikiwa baridi. Baridi ni nzito na huficha pampu iliyochoka na sahani zilizolika. Asubuhi lilivuta vizuri. Lilipopata moto, likaanza kuteleza kwenye kasi hiyo ya juu kila jembe lilipozama.

Jirani alilinunua baada ya bei kushushwa kwa gharama ya kutengeneza Multi-Power, na nadhani alifanya sawa. Nilimpa sharti moja: trela lisifungwe kabla ya ukarabati. Katika kasi ya chini ya Multi-Power injini haizuii chochote mtelemkoni. Trekta lenye tangi la maji nyuma, likishuka kuelekea Mto Athi, linabaki na breki zake peke yake.

Wewe mwenye trekta kama hili, weka kasi ya juu kabla hujaanza kushuka. Ukiegesha usiiamini gia: vuta breki ya mkono, na uweke jiwe mbele ya gurudumu la nyuma.