Uhakiki wa Sitiari ya Uvamizi katika Maelezo ya Batobato ya Mihogo: Nafasi ya Protini za Mwenyeji

Ugonjwa wa batobato ya mihogo ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 huko Usambara. Sitiari iliyozoeleka katika kuufafanua ni ya vita: virusi ni mvamizi, mmea ni mhanga asiyetenda lolote. Sehemu hii inahakiki sitiari hiyo kwa kurejelea wilaya za Kibondo na Kasulu, ambako mhogo ni chakula cha kila siku. Hoja ya msingi ni kwamba sitiari hiyo inaficha jambo kuu: virusi hivi haviwezi kuzaliana pasipo protini za mhogo wenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni umbo la virusi. Virusi vya batobato vina duara mbili za DNA, kila moja ikiwa na besi zipatazo 2,800. Humo hamna jeni ya polimerasi, yaani kimeng'enya cha kunakili DNA. Iliyopo ni ya protini iitwayo Rep, ambayo huikata DNA ya virusi mahali maalumu ili unakili uanze. Protini za ukoo huo hupatikana pia katika plasmidi za bakteria na katika helitroni, kundi mojawapo la jeni hamishi. Baada ya mkato, kazi hufanywa na polimerasi za mmea. Hata hivyo, seli za jani lililokomaa huwa zimeacha kunakili DNA. Rep hujishikiza kwenye protini ya mmea inayozuia mzunguko wa seli. Kizuizi hulegea, na seli hurejea kutengeneza zana ambazo virusi huzihitaji.

Ushahidi wa pili ni ukinzani. Lim na wenzake (2022) wanaonesha kwamba ukinzani wa CMD2, unaotegemewa na aina nyingi bora za mihogo barani Afrika, unaambatana na mabadiliko katika jeni ya polimerasi delta ya mhogo. Kwa mantiki ya vita, ukinzani ungetarajiwa kuwa ngome au silaha. Kinyume chake, kilichobadilika ni zana ileile inayoazimwa.

Aidha, Ndunguru na wenzake (2016) walieleza vipande viwili vya DNA, SEGS-1 na SEGS-2, vilivyogunduliwa katika mihogo ya Tanzania, ambavyo huzidisha dalili na kuushinda ukinzani huo. SEGS-1 inafanana sana na mfuatano uliomo katika jenomu ya mhogo. Hapo mpaka baina ya mvamizi na mwenyeji unafifia.

Ni kweli kwamba sitiari ya uvamizi ina manufaa, kwa kuwa nzi weupe huleta virusi kutoka nje ya shamba. Lakini inamsahaulisha mkulima pingili alizozikata mwenyewe kwenye shina lililoambukizwa. Vilevile, katika wilaya ambako kambi za Nyarugusu na Nduta ziliwekwa, maneno "mgeni" na "mwenyeji" yanahusu watu. Kuyafunga pamoja na "mvamizi" katika somo la biolojia kunabeba hukumu isiyokusudiwa.

Sitiari inayopendekezwa ni ya mtu anayelima kwa jembe la kuazima. Inalinda ukweli wa kisayansi na inaelekeza swali linalofaa kwa mtafiti wa mbegu: jembe lipi libadilishwe mpini ili mwenye shamba aendelee kulima, naye mwazimaji ashindwe kulishika?