Pikapu Iliyoshuka Isiyogonga: Jinsi ya Kuikagua Kazi ya Fundi wa Springi

Mbinga watu walizoea kupandisha pikapu, si kuishusha. Tangu enzi za Land Cruiser zenye springi za mabamba mbele na nyuma, gari likifika kutoka bandarini lilipelekwa kwanza kwa fundi akaongeze springi. Bamba moja nene lilifungwa chini, pengine mawili, nyuma ikainuka, ndipo gari likaanza kubeba kahawa ya Maguu na Litembo bila kulalia tairi. Barabara ndiyo iliyodai hivyo. Masika yalichimba makorongo katikati ya njia, na gari fupi lilikwama kwa tumbo.

Siku hizi kuna lami. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, na kile cha Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Kwa hiyo pikapu iliyofungwa springi za tani nzima sasa inampeleka mama na watoto kanisani, nyuma tupu, na kila rasta inawarusha kitini. Mwenye gari anakwenda gereji na ombi moja: nishushie. Wapo pia vijana wanaotaka Hilux ikae chini kwa urembo tu. Siwalaumu, Hilux iliyokaa sawa inapendeza. Wote wawili, baba na kijana, watalipa pesa ileile na kukabiliwa na swali lilelile: gari limeshuka, lakini linakwenda laini?

Kushusha kwenyewe hakuna ufundi mkubwa. Gari lolote litashuka ukilinyang'anya springi. Ufundi uko kwenye nafasi inayobaki kati ya ekseli na ule mpira mweusi uliofungwa chini ya chesesi ili kuizuia ekseli isigonge chuma. Nafasi hiyo ndiyo inayomeza shimo. Ikiisha, hata springi iwe laini namna gani, gari litapiga. Kwa hiyo usisimame mbali ukakadiria kimo cha bodi. Lala chini ya gari, limesimama kwa tairi zake mahali tambarare, upitishe mkono kati ya ekseli na mpira. Vidole vinne vilivyosimama vikipita wakati gari ni tupu, endelea kukagua. Mimi siridhiki na pungufu ya hapo kwa pikapu itakayofika Lituhi au Litembo. Ukikuta mpira wenyewe umekatwa kwa kisu ili nafasi ionekane kubwa, amka, jipanguse vumbi, utafute fundi mwingine.

Ukiwa bado chini, iangalie springi yenyewe. Hapa pana mambo mengi.

Anza na moto. Springi hupewa ugumu wake kiwandani: chuma kinapashwa hadi kiwe chekundu, kinazimwa ndani ya mafuta, kisha kinapashwa tena kwa joto dogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Fundi mwenye mtungi wa gesi anaifuta kazi yote hiyo kwa dakika chache. Anapasha bamba katikati, linalegea, gari linashuka siku hiyohiyo na mteja anaondoka anapiga honi. Baada ya muda upande mmoja unalala kuliko mwingine, au bamba linakatika palepale lilipopashwa. Moto huacha alama: rangi ya bluu au zambarau kwenye chuma, au rangi nyeusi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ya springi ya zamani. Jiulize kwa nini mtu apake rangi kipande kimoja.

Bamba lililonyooshwa kwa baridi lina sura nyingine. Fundi amelifungua, amelilaza juu ya fuawe au chuma kizito, akalipiga kwa nyundo polepole kuelekea ncha moja, kisha nyingine, akilipima kila mara kwa kulilinganisha na mwenzake wa upande wa pili. Alama za nyundo ni ndogo, zimekaribiana, zinalingana. Pigo moja kubwa lililoacha kovu refu ni mahali ufa utakapoanzia. Kazi hii inachosha na inakula siku nzima, na wanaoijua hasa ni wale wanaofunga springi za malori, kama yale yanayobeba makaa ya mawe kutoka Ngaka. Ukimpata mmoja wao akakubali kugusa pikapu, usibishane sana bei.

Njia ya tatu, na kwa Mbinga ndiyo ya kwanza kufikiriwa, ni kuondoa kilichoongezwa. Uliza gari lilitoka kiwandani na mabamba mangapi, kisha yahesabu yaliyopo. Bamba la ziada huwa nene kuliko wenzake, na unene ndio wenye hesabu kali: ugumu wa bamba huongezeka kwa unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Bamba la milimita 8 lina ugumu zaidi ya mara mbili ya lile la milimita 6 lenye upana na urefu uleule. Ndiyo maana kutoa moja tu, lile nene, kunaweza kulainisha gari kuliko kutoa mawili membamba.

Mazungumzo ya gereji hufika hapa kila mara.

“Fundi, toa mawili kabisa.”

“Mzee, nikitoa mawili utakuja kunilaumu ukipakia.”

“Sipakii tena, mimi nimestaafu.”

“Na msiba ukitokea kijijini, watu hawatapanda?”

Fundi anayeuliza maswali ya namna hiyo ameshakuonyesha nusu ya ufundi wake. Wa kumkwepa ni yule anayetoa bamba lolote lililo karibu na spana. Mabamba ya springi yanapungua urefu kwa ngazi, kila moja fupi kidogo kuliko la juu yake. Ukiondoa la katikati, inabaki ngazi kubwa, na lile refu litavunjika hapo linapokosa wa kulishikilia. Bamba la pili kutoka juu lisiguswe kamwe. Hilo ndilo linalolishika bamba kuu lenye macho, na siku bamba kuu likikatika mkiwa mteremkoni kwenda Ziwa Nyasa, la pili ndilo litakaloizuia ekseli isiondoke.

Sasa chukua kipande cha karatasi ngumu, boksi la sabuni linatosha. Jaribu kukiingiza kwenye ncha ya kila bamba, pale linapogusa la juu yake, isipokuwa lile la chini la akiba linalosubiri mzigo, kama gari lilitoka nalo kiwandani. Kisiingie. Kikipita bila shida, bamba hilo halibebi kitu, linasindikiza tu, na uzito wake umehamia kwa jirani. Halafu tazama vile vibanio vya pembeni vinavyoyazuia mabamba yasipanuke kama kurasa za kitabu kilicholoa. Vinatakiwa viwe na ulegevu kidogo. Vikigongwa vikabana kabisa, springi nzima inageuka kuwa nondo.

Kuna jambo wengi hawalifikirii: mabamba yanasuguana. Gari likipita kwenye kokoto ndogo, mabamba lazima yateleze moja juu ya jingine kwa kiasi kidogo sana. Kukiwa na kutu katikati hayatelezi mpaka yapate pigo kubwa, na hapo ndipo unapata ule mtetemo wa kudumu unaoumiza kiuno hata kwenye lami nzuri. Pikapu zinazobeba samaki kutoka Mbamba Bay na Liuli zinaugua sana, kwa kuwa maji ya barafu yanadondokea springi safari nzima. Fundi bora huyafungua, anayasugua hadi chuma kionekane, anapaka grisi yenye grafiti kwa wembamba. Akipaka nyingi, mchanga wa ufukweni utanata na grisi itageuka msasa. Mimi ningemlipa mtu pesa ya kusafisha tu, bila kutoa bamba lolote, kisha nikaendesha wiki moja kabla ya kuamua kushusha. Wengine hugundua kwamba hawakuhitaji.

Bolti zinasema ukweli kuliko fundi. Fungu la springi likipungua unene, bolti ya katikati inakuwa ndefu na zile yubolti zinazoifunga springi kwenye ekseli zinaishiwa nyuzi. Kazi safi ina yubolti mpya za kipimo chake. Kazi ya haraka ina za zamani, na chini ya kila nati zimepangwa washa tatu au nne kuziba pengo. Kichwa cha bolti ya katikati nacho lazima kikae ndani ya tundu lake. Kisipokaa, ekseli inasogea na gari linakwenda upande hata usukani ukiwa sawa.

Bushi za mpira kwenye macho ya springi zina siri yake. Zinatakiwa kukazwa mwisho, gari likiwa limeshuka kwenye jeki na kusimama kwa tairi zake. Fundi akizikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unajipinda mara gari linapowekwa chini, unakaa umepindika siku zote, unaongeza ugumu ambao haukununuliwa, na unachanika mapema. Baada ya kazi huwezi kuliona kosa hili, kwa hiyo kaa gereji ulitazame likifanyika au lisifanyike. Hakuna ubaya kumwambia, “Fundi, naomba bushi tuzikaze gari likiwa chini.” Mjuzi atacheka tu na kusema ndivyo afanyavyo.

Shokomzoba ipimwe pia. Ile iliyokuwa sawa kwa gari lililoinuka inaweza kuwa ndefu mno kwa lililoshuka. Itafika mwisho wa safari yake kabla ekseli haijagusa mpira, na kugonga huko huivunja au hung'oa mkono wake kwenye chesesi. Ikandamize nyuma ya pikapu kwa uzito wako na uachie. Inyanyuke, ipite kidogo, itulie. Ikiendelea kudunda, shokomzoba imekwisha, na kushusha gari kutakuwa kumeifichua tu.

Kuna kosa moja linaloniogofya kuliko yote. Hilux nyingi zina vali ya breki nyuma, imeunganishwa kwa fimbo kati ya chesesi na ekseli. Nyuma ikilala kwa mzigo, fimbo inaiambia vali iongeze nguvu ya breki za nyuma; nyuma ikiwa juu, inaipunguza. Vali haijui habari za gunia, inajua kimo tu. Ukilishusha gari bila kuirekebisha fimbo, vali itadhani umepakia kila siku. Siku ya mvua, gari tupu, unateremka kutoka milima ya Umatengo inayokaribia mita 2,000 kuelekea ziwa lililo chini ya mita 500, unakanyaga breki kwenye kona, na tairi za nyuma zinafunga kabla ya za mbele. Nyuma inaanza kukupita. Mwulize fundi vali hiyo iko wapi na ameifanyia nini. Akikuonyesha fimbo iliyokatwa au kufungwa kwa waya, gari halijapona.

Kuhusu vile vibao vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli sina mengi. Springi ikiwa chini ya ekseli, kibao hushusha gari. Ikiwa juu ya ekseli, kibao hicho hicho huliinua, na bado nakutana na watu wanaonunua kabla ya kuchungulia. Kibao hakibadilishi ulaini wa springi kwa vyovyote. Cha chuma kizima kinakubalika. Cha mbao kinapasuka, na cha vipande viwili vilivyochomelewa nisingekipanda. Magari yenye tosheni ba mbele hushushwa kwa kuzungusha bolti mbili tu, na ndiyo maana hushushwa vibaya: fundi asipoweka alama ya chokaa kabla ya kuzungusha, hatajua alianzia wapi, na pande mbili hazitalingana. Baada ya hapo lazima alaimenti ifanyike, kisha taa zishushwe au zipandishwe kadiri pua ya gari ilivyobadilika.

Jaribio lenyewe lifanye mara mbili, kwanza tupu, halafu na watu wanne na mifuko kadhaa ya saruji nyuma. Pita rasta za lami kwa mwendo wa kawaida, kisha acha lami uingie barabara ya vumbi. Sikiliza. Pigo moja kavu, zito, kama chuma kimepiga chuma, ni ekseli imefika kwenye kizuizi. Gari likiyumba juu chini baada ya shimo kupita, ni shokomzoba. Mlio wa kukwaruza kila unapopanda tuta ni mabamba makavu. Mtetemo unaoanza ukifika mwendo fulani na kuondoka ukizidisha ni propela, kwa kuwa pembe yake imebadilika ekseli ilipohama.

Kabla ya kulipa yote, panga siku ya kurudi baada ya wiki moja au mbili ili yubolti zikazwe tena, maana mabamba yaliyofunguliwa hujipanga upya na nati hulegea. Na kabla ya kurudi kulalamika kwamba bado gari ni gumu, pima upepo. Pikapu nyingi zilizokuwa zikibeba mizigo zinajazwa tairi za nyuma kwa mazoea ya wakati wa kahawa, hadi PSI 50 na zaidi, na tairi iliyojaa hivyo hairuhusu springi kuonyesha chochote. Soma kile kibandiko kwenye mlango wa dereva, uteremshe hadi kipimo cha gari tupu, kisha uendeshe tena barabara ileile.