Picha ya Umati na Maandishi Yake

Vitabu vya historia, magazeti ya sikukuu za taifa na kuta za kumbi zetu za mikutano havikosi picha za umati. Twaona mamia ya watu wamesongamana, mikono imeinuliwa, vinywa wazi, na chini yao maneno matatu au manne: "Wananchi washangilia Uhuru." Mwalimu huyasoma maneno hayo, wanafunzi huyanakili daftarini, kisha ukurasa hufunuliwa. Katika insha hii twakusudia kuonyesha kwamba maandishi ya chini ya picha si sehemu ya picha. Yameandikwa na mtu mwingine, mara nyingi baada ya miaka mingi, na pengine na mtu ambaye hakuwapo. Kwa hiyo yastahili kuhojiwa kama ushahidi mwingine wowote.

Tuchukue picha moja inayojulikana sana. Mwalimu Julius Nyerere amebebwa mabegani na wafuasi wake, na bango lililoandikwa kwa Kiingereza ladai uhuru kamili mwaka 1961. Picha hii yafaa mno kwa kurasa za mwezi Desemba, na msomaji asiyeambiwa neno huidhania kuwa ni ya tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru. Dhana hiyo yaeleweka. Mwaka umeandikwa palepale, kiongozi ndiye yeye, na furaha yaonekana. Lakini bango lenyewe lakataa. Mtu hadai alichokwisha kukabidhiwa. Twaweza kuongeza kwamba bendera ya Mwingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa usiku wa manane, hali picha yetu ni ya mchana. Walakini hoja hiyo peke yake haitoshi, maana sherehe ziliendelea mchana wa tarehe 9 pia. Bango ndilo linalokata shauri.

Historia yatufikisha mwezi Machi 1961. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilikuwa imepata viti 70 kati ya 71, na mwezi Septemba Mwalimu akaunda serikali ya madaraka akiwa Waziri Kiongozi, huku Gavana akingali na mamlaka makubwa. Tarehe 27 Machi 1961 mkutano wa katiba ulifunguliwa katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, na Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuja mwenyewe. Mkutano ulikwisha tarehe 29. Ilikubaliwa kwamba Tanganyika ijitawale katika mambo ya ndani tangu tarehe 1 Mei, na uhuru kamili uje Desemba. Siku iliyotajwa kwanza ilikuwa 28 Desemba. Baadaye ndipo ilipovutwa mbele hadi tarehe 9.

Tukilisoma bango tukiwa na mambo hayo akilini, kila neno lake lapata uzito. Neno "kamili" halikuwekwa kwa pambo. Nchi ilikwisha kuonja madaraka yasiyo kamili kwa miezi ipatayo saba, na watu walijua tofauti. Mwaka nao haukuwa kumbukumbu bali sharti. Na kwa nini Kiingereza, katika mji ambao lugha ya siasa na ya mikutano ya hadhara ilikuwa Kiswahili? Kwa sababu waliolibeba bango hawakuwa wakiambiana wao kwa wao. Walikuwa wakimwambia Waziri aliyetoka London, na waandishi wa habari ambao picha zao zingefika huko kabla yake. Umati huu ulijua kwamba unapigwa picha, na ulijua picha itasomwa na nani.

Hapa ndipo palipo na hasara ya maandishi yaliyokosewa. Ukiiweka picha hii Desemba, wale waliombeba Mwalimu wawa wageni waalikwa wa sherehe iliyopangwa na wengine. Bango lao lawa pambo, kama matawi na vitambaa vya rangi. Ukiirudisha Machi, wawa washiriki wa majadiliano, ingawa walikuwa nje ya ukumbi. Mwanafunzi aliyelelewa kwa picha ya kwanza atajifunza kwamba uhuru ni kitu kilichokabidhiwa usiku mmoja uwanjani. Atakayeiona ya pili atauliza walioko nje ya ukumbi walifanya nini hata walioko ndani wakaafikiana upesi hivyo. Tofauti ni ya miezi tisa tu, lakini ni mafunzo mawili mbalimbali.

Yatupasa tuwe waangalifu pia na ishara zinazoonekana kuwa wazi. Kubebwa mabegani si ushahidi wa tarehe. Umati wa Dar es Salaam ulikusanyika wakati wa kesi ya Mwalimu mwaka 1958, alipotozwa faini ya shilingi 3,000. Ukashangilia tena tarehe 15 Desemba 1959, Gavana Richard Turnbull alipotangaza kwamba serikali ya madaraka itaundwa mwaka uliofuata. Mwenye kutegemea furaha ya nyuso atazichanganya siku hizo zote. Furaha haina kalenda.

Basi tutegemee nini? Vitu vilivyomo pichani hutoa ushahidi wa namna mbili. Kitu kilichotengenezwa siku ijulikanayo chatuambia kwamba picha haiwezi kuwa ya kabla yake. Kitu kilichobomolewa chatuambia kwamba haiwezi kuwa ya baada yake. Dar es Salaam ina mfano mzuri. Mahali iliposimama Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927 palikuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, iliyosimikwa mwaka 1911 na kuondolewa mwaka 1916 baada ya Waingereza kuuteka mji. Umati ulioizunguka sanamu ya Mjerumani umebanwa katika miaka mitano; umati uliomzunguka askari wa shaba mwenye bunduki umeachiwa muda mrefu mno, na itatubidi tutafute jambo jingine la kuupunguza.

Unguja napo, picha nyingi za watu waliokusanyika pwani ya Forodhani huitwa "za zamani" pasipo zaidi. Mtazamaji na aangalie mnara. Hapo awali mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib. Manowari za Waingereza zilipopiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896 mnara huo uliharibika, na jumba lilipotengenezwa lilipata mnara wa saa ulioshikamana na uso wake. Mnara ukiwa mbali na jumba, watu hao walisimama hapo kabla ya mizinga. Mnara ukiwa umeshikamana nalo, wao au watoto wao wameiona vita ile. Sehemu ya jumba hilo ilianguka Desemba 2020, ukiwamo mnara wenyewe, na kwa hiyo hata picha za juzi zimekwisha kuingia katika hesabu hiyo.

Bendera nazo husaidia, ijapokuwa picha haina rangi. Bendera ya TANU ilikuwa na mapana matatu ya kulala, kijani, nyeusi na kijani. Ya Tanganyika ilifuata mpango huohuo, ila ikaongezewa mistari miembamba ya dhahabu, na mistari hiyo katika picha nyeusi na nyeupe huonekana kama nyuzi nyeupe. Zikiwapo, picha si ya kabla ya Desemba 1961. Bendera yenye mshazari ni ya Muungano, yaani ya mwaka 1964 na kuendelea. Mwanafunzi mwenye kioo cha kukuzia aweza kuyabaini mambo haya kwa dakika chache, na ajabu ni kwamba wahariri wengi hawajafanya hivyo.

Walimu wa jiografia wana silaha yao, ambayo twaona imepuuzwa mno, nayo ni kivuli. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika Oktoba. Mwezi Juni jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, na mtu mwenye urefu wa sentimita 170 hutupa kivuli cha karibu mita moja kuelekea kusini. Desemba mambo hugeuka: kivuli huelekea kaskazini na urefu wake ni kama nusu mita. Mwishoni mwa Machi chaelekea kusini tena, lakini ni kifupi, chazidi kidogo tu robo mita. Kwa hiyo ikijulikana jengo lililo nyuma ya umati limeelekea wapi, vivuli vya adhuhuri vyatosha kutenga picha ya Desemba na ya Juni. Asubuhi na jioni hesabu huwa ngumu zaidi, lakini haishindikani.

Kuhusu mahali, adui mkubwa ni majina. Picha iliyoandikwa "Uwanja wa Taifa" yaweza kumpeleka kijana wa leo kwenye uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007, ambao sasa waitwa wa Benjamin Mkapa, hali uwanja wa mwaka 1961 ni ule wa jirani unaoitwa Uhuru. Vilevile maandishi yanayotaja Mtaa wa Samora chini ya picha ya mwaka 1958 yajifichua yenyewe, maana wakati huo mtaa uliitwa Acacia. Hayo hayaifanyi picha kuwa ya uongo. Yatujulisha tu kwamba aliyeandika aliandika baadaye sana, na kwamba mengine aliyoyaandika yahitaji kupimwa.

Mavazi yatakiwa kuaminiwa kwa kiasi. Kanga yenye maandishi ya tukio fulani yathibitisha kwamba tukio lilikwisha kutokea au kutangazwa, lakini kanga njema huvaliwa miaka mingi, na aliyeivaa hakuivaa kwa faida ya wanahistoria. Postikadi ni hatari zaidi: wapiga picha wa Unguja, kama A. C. Gomes, waliendelea kuuza picha zilezile muda mrefu, na muhuri wa posta watuonyesha siku ya barua, si siku ya umati.

Wazee nao huulizwa, lakini huulizwa vibaya. Tukimwonyesha mzee picha na papo hapo tukamtajia tarehe, atatukubalia kwa adabu, nasi tutajiona tumepata shahidi. Afadhali maandishi yafunikwe kwa karatasi. Aulizwe kwanza anamtambua nani, mlango ule ni wa nyumba gani, siku ile watu walitoka wapi kwa miguu. Tarehe itafuata au haitafuata.

Na hili la kumtambua nani si dogo. Katika picha ya bango anayetajwa ni mmoja. Waliombeba huitwa "wafuasi", kana kwamba kazi ya mabega haina mwenyewe. Maadamu siku haijulikani, hakuna awezaye kumtafuta mtu aliyekuwapo. Siku ikijulikana kuwa ni ya mwezi Machi, mjini Dar es Salaam, twaweza kwenda Kariakoo, Ilala na Magomeni tukauliza ni nani aliyeacha kazi siku zile akaenda Karimjee. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati huo amekwisha kupita miaka 80.