Kiwanja cha Magari na Baraza la Watu: Uhakiki wa Ardhi ya Posta

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki kitabu, wimbo, mchezo wa kuigiza, na pengine kinyago. Ni mara chache wamehakiki kiwanja. Hata hivyo, kiwanja nacho hutungwa. Yuko aliyekipima, yuko aliyekichora, yuko aliyeamua nani apite na nani azuiwe. Kisha wako wasomaji wake, yaani wale wanaokikanyaga kila siku, ambao mara nyingi husoma humo jambo ambalo mtungaji hakuliandika. Katika makala haya tumekusudia kuvitazama kwa jicho hilo viwanja vya kuegeshea magari katika eneo la Posta, jijini Dar es Salaam, na kuipima rai inayozidi kusikika, kwamba baadhi ya viwanja hivyo vigeuzwe kuwa mahali pa watu wote kupumzika na kukutana. Rai yenyewe tunaiunga mkono. Ugomvi wetu ni juu ya namna inavyotungwa.

Kwanza tulitazame neno. Kuegesha ni neno la pwani, neno la wanamaji. Nahodha huegesha chombo, yaani hukisogeza hata kikagusana na gati au na chombo kingine, shehena ikateremshwa, abiria wakashuka, nacho kikaenda zake. Chombo kinachokaa gatini kutwa bila kupakia wala kupakua ni hasara kwa bandari. Gari la Posta limelirithi neno bila kuirithi adabu yake. Huingia saa moja asubuhi likiwa na mtu mmoja ndani, likalala papo hapo mpaka jioni, limeshika nafasi ambayo watu sita wangeketi wakazungumza. Na mwenyewe yuko ghorofani, hata halioni.

Sasa na tumtazame asiye na gari. Tuliotumikia ofisi za mjini tumemwona mara nyingi mno. Ni mstaafu aliyetoka Rufiji au Kisarawe kufuatilia jalada lake. Ameambiwa arudi saa nane mchana, na sasa ni saa nne. Aende wapi? Hotelini ataulizwa anakunywa nini. Katika ngazi za jengo atafukuzwa na mlinzi. Ukingo wa barabara una jua, na kivuli kilichopo kimelaliwa na magari. Basi mzee huyo, ambaye kijijini kwake hakosi pa kuketi hata akifika kwa mtu asiyemjua, husimama saa nne nzima katikati ya jiji kuu la biashara la nchi yake. Swali la kiwanja cha magari kwetu linaanzia kwake.

Haya hayakuanza leo. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo na kuyaleta Dar es Salaam. Wao, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa kanda za ujenzi: Wazungu upande wa mashariki penye upepo wa bahari, Wahindi na maduka katikati, Waafrika Kariakoo. Sheria ilitaja aina ya nyumba, lakini kila mtu alijua kwamba inataja rangi ya ngozi. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakakusudiwa ardhi tupu ya kutenganisha, kwa kisingizio cha afya, na Waingereza ndio walioikamilisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ardhi hiyo ndiyo Mnazi Mmoja. Kwa mchoraji ilikuwa ua wa kuzuia watu wasikaribiane. Wasomaji wake waliisoma vingine. Walicheza mpira hapo, wakapiga ngoma, wakapita kwenda kazini na kurudi. Jirani yake, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na mikutano ya kudai uhuru ikafanyika Mnazi Mmoja kabla viwanja vingine kama Jangwani havijashika sifa hiyo. Mpaka leo hakuna utungo wa umma katika mji huu unaotufurahisha kama huo: watu wameuchukua uzio wakaufanya ukumbi.

Kinyume chake ni sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na barabara iendayo Maktaba. Iliwekwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya Hermann von Wissmann, mtawala wa Kijerumani. Askari wa shaba anainamisha bunduki yake kuelekea bandarini, na chini yake kuna maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika vita ile. Maana yake ni nzito. Lakini ni walimu wangapi wamewahi kuwasimamisha wanafunzi wao hapo wakayasoma? Amezungukwa na magari pande zote. Wapagazi wa vita hiyohiyo, waliobeba mizigo ya Waingereza na kufa kwa maelfu njiani, hawakupata sanamu ya peke yao. Walipata jina, maana Kariakoo ni Carrier Corps kama lilivyotamkwa na vinywa vya wenyeji. Hata hivyo, kati ya makumbusho hayo mawili, lililo hai ni lile la wapagazi, kwa sababu watu wanaishi ndani yake.

Na Kariakoo inatupa mfano mwingine ambao mwanafunzi wa sanaa hapaswi kuupita. Jengo la soko lililofunguliwa mwaka 1975 lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo wa taifa letu. Paa lake lilikuwa mfano wa miavuli mikubwa ya zege iliyosimama kila mmoja juu ya shina lake, iliyoruhusu upepo kupita na kukinga maji ya mvua yakateremka. Aliyelitazama kwa makini aliona kwamba msanifu alikuwa amepanda miti: soko letu la asili ni la chini ya mti, naye aliujenga mti kwa zege. Moto wa tarehe 10 Julai, 2021 uliliunguza vibaya, na kazi ya kulijenga upya ikafuata. Tunalitaja hapa kwa sababu Amuli alianza na desturi, ndipo akaenda kwenye kalamu.

Tuliwahi kuketi katika kikao kimoja cha ofisi, ambayo hatutaitaja, palipoletwa mchoro wa kukigeuza kiwanja cha magari kuwa bustani ya umma. Ulikuwa mchoro wa kupendeza. Kulikuwa na chemchemi ya maji, na vijia vilivyopinda, na mitende ya mapambo iliyopangwa kama gwaride. Wachoraji wa siku hizi huweka na watu, ili bustani ionekane ina uhai. Na watu wale tuliwatazama sana. Bibi mmoja alikuwa na mbwa mdogo amemfunga kamba. Kijana mmoja alipanda baiskeli, kavaa kofia ya plastiki. Wawili waliketi peke yao wakinywa kitu katika vikombe vya karatasi. Hapakuwa na mzee hata mmoja mwenye bahasha ya kaki. Hapakuwa na muuza kahawa na birika lake, wala mama lishe, wala mng'arisha viatu, wala kundi la watu wanane wanaobishana juu ya Simba na Yanga mbele ya magazeti yaliyotundikwa. Aidha, mtende wa mapambo, ndugu msomaji, hauna kivuli cha kumtosha hata kuku. Mwarobaini unacho. Mkungu unacho.

Tulisema nini? Tuliusifu mchoro. Mwenyekiti aliuliza kama kuna swali, tukasema hakuna, tukatia saini karatasi ya mahudhurio. Aibu hiyo ni sehemu ya sababu ya kuandika makala haya.

Kosa la mchoro ule lilikuwa kudhani kwamba kiwanja cha magari ni kitupu. Nendeni mkakitazame. Yupo kijana anayeosha magari kwa ndoo moja na tambara, na anajua ni gari la nani na mwenyewe atashuka saa ngapi. Yupo anayewaelekeza madereva kwa mkono, rudi, rudi, kata kushoto, simama. Yupo mama mwenye masufuria chini ya turubai nyuma ya ukuta, na saa saba madereva wa wakubwa huketi kwake juu ya ndoo zilizopinduliwa, na hapo, kwa maoni yetu, ndipo habari za serikali husikika mapema kuliko gazetini. Hilo ni baraza. Kiswahili hakikutumia ovyo neno moja kwa kiti cha udongo cha mbele ya nyumba na kwa mkutano wa wenye madaraka. Kilijua kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Mtu akija na tingatinga ili alete mahali pa kukutania, huku akiwafukuza waliokwisha kukutana, huyo anafuta shairi ili apate karatasi ya kuandikia shairi.

Wapo watakaosema: Posta bila maegesho biashara itakufa. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani kuliko sasa. Tangu Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yamekuwa yakifika Kivukoni na Gerezani kutoka Kimara, na mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa ajili ya mradi huo. Ingawa anayesubiri basi jioni pale Kivukoni ana maneno yake mwenyewe juu ya tuzo hiyo. Mwaka huohuo wa 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, kutimiza uamuzi wa mwaka 1973, na wizara zikaondoka mjini pamoja na magari yake. Jiji lililobaki si dogo: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi mno kati yao hawana gari, nao hupita Posta kwa miguu. Tena sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya shida ya mafuta twakumbuka kwamba magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana. Mji haukufa. Mitaa ilikuwa ya watu wenye viatu vya Jumapili, na sauti iliyosikika ilikuwa ya mazungumzo.

Lakini kuondoa magari peke yake hakutoshi, na hili lapasa kusemwa wazi kwa wale wanaodhani kwamba kazi imekwisha mnyororo ukifungwa. Kigali ilifunga barabara moja ya katikati ya mji mwaka 2015. Kwa miaka kadhaa ilibaki lami tupu yenye joto, watu wakiivuka haraka kama wanaovuka jangwa. Ilipowekewa miti, viti na vibanda ndipo ilipopata watu, ikafunguliwa upya mwaka 2022 kwa jina la Imbuga. Neno hilo kwa Kinyarwanda ni uwanja wa nyumbani, na masikio ya Mswahili yatasikia uga ndani yake. Unguja nako, Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Tuna lawama zetu juu ya Forodhani, hasa bei anayotajiwa mgeni wa ng'ambo. Hata hivyo, waliopanga kazi ile walielewa kwamba bustani bila wachoma pweza na wakamua miwa si Forodhani. Wapishi walirudi, na watoto wanaendelea kurukia baharini kutoka ukutani jua linapozama, na hakuna aliyewachora.

Kwa hiyo, tukiulizwa kiwanja cha Posta kihakikiwe kwa vigezo gani, tutaanza na kivuli saa saba mchana, maana huo ndio wakati ambapo utungo huu hupasi au huanguka. Mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi Mnazi Mmoja wakahesabu ni wangapi wameketi kivulini, na wangapi wameketi juani kwa kukosa pengine. Kisha tutatazama kiti: je, mtu aweza kukikalia bila kununua kitu, na je, kimewekewa vyuma katikati ili asijinyooshe? Maji ya kunywa na choo tunavitaja kwa haraka, si kwa sababu ni vidogo, bali kwa sababu vinajulikana na havijengwi. Uzio usiwepo. Kijana wa ndoo apewe kazi humo ya kutunza miti, kwa kuwa anajua kuamka mapema na anajua matumizi ya maji kidogo. Mama wa masufuria apewe meza yenye paa, na kodi anayoimudu, kabla jiwe la kwanza halijawekwa na si baada ya sherehe. Mwaka 2021 wachuuzi waliondolewa katika barabara za jiji na kupelekwa maeneo mengine, na tuliona jinsi ilivyo vigumu kumrudisha mteja aliyekwisha kupotea njia.

Linabaki suala la jina. Kikao kile kilikwisha kuchagua jina, refu, lenye cheo ndani yake. Tunashauri pasiwekwe jina lolote kwa mwaka mmoja. Mnazi Mmoja ulipewa jina lake kwa mti. Posta Mpya na Posta ya Zamani ni majina yaliyoitwa na makondakta wa daladala wakining'inia mlangoni, na jiji zima likayafuata. Mzee wa bahasha ya kaki akiisha kuketi hapo mara tatu nne akisubiri saa nane ifike, atamwambia mwenzake waliyetoka naye kijijini wakutane wapi, na jina atakalolitaja ndilo liandikwe kwenye kibao.